Nani Alikula Imondo

Juzi alikuja kijana hapa kwangu Kitale, tableti mkononi, kitambulisho kinaning'inia shingoni, akaniambia, "Sasa shosh, tunafanya utafiti wa ustawi wa jamii." Shosh, yaani nyanya! Mimi niliyekuwa nikisimamia makarani wa utafiti wakati mama yake bado anaruka kamba shuleni. Nikamwambia kaa chini, uliza. Akauliza bila kuniangalia usoni hata mara moja. Paa la nyumba ni la nini? Mabati. Sakafu? Simiti. Una redio, una simu, una televisheni? Ninavyo. Wiki hii nyumba hii imepika nyama, samaki au kuku? Hapo nikacheka mpaka chai ikanipalia, na yeye akabonyeza kitu kwenye tableti yake. Nafikiri aliandika kwamba nina furaha.

Basi nyinyi mnaoingia kazi hii sasa, mnaovaa vizibao vya rangi ya machungwa na kujiona nusu profesa, kaeni niwaeleze nilichokuwa nikicheka.

Kazi yenyewe sina ugomvi nayo. Mimi nimezaliwa kijiji cha Kwanza, hapa Trans-Nzoia, wazazi wangu walitoka upande wa Murang'a wakapata shamba huku, na tangu utotoni nimesikia redio ikisema uchumi umekua. Umekua wapi? Mwaka mahindi yakikubali, malori yanapanga foleni pale sokoni, na mtangazaji anasema Trans-Nzoia imeneemeka. Imeneemeka! Jirani yetu alikuwa akiuza mahindi yote mpaka ghala linalia upepo, halafu mwezi wa tano anakuja kwetu na karai, anaomba ya kusaga. Kwenye hesabu za wakubwa huyo alikuwa amezalisha vizuri sana. Watoto wake wenye njaa hawakuwa na habari hiyo.

Na ukivuka upande wa Bungoma, ukitaka kuona biashara ikichangamka, ngoja msimu wa ugonjwa. Hema zinakodiwa, viti vinakodiwa, seremala wa majeneza hana muda wa kusalimia mtu, ng'ombe wanachinjwa, vipaza sauti vinalia mpaka asubuhi. Yote hayo ni biashara, na biashara ikipanda, ati uchumi umekua. Nilimwambia mkubwa wetu hivyo siku moja, akanijibu kwamba nina kejeli. Nina kejeli kweli, na kustaafu hakujaiondoa.

Kwa hiyo wakubwa waliposema jamani, tuache kupima magunia na malori, tupime maisha yenyewe, kama watu wanakula, wanatibiwa, watoto wanasoma, nilifurahi. Nilidhani sasa tumeamka. Kumbe wazo zuri likiingia ofisini linavalishwa tai na kufundishwa kusema uongo.

Mkubwa wetu tulimwita Daktari. Si wa sindano, wa vitabu. Alikuwa mtu wa Nairobi, mpole, sauti ya chini, na alipenda viatu vyeupe. Nani anavaa viatu vyeupe kule Bumula, Bungoma, kwenye tope la mwezi wa nne? Daktari huyo ndiye alituletea swali la ngazi. Mwambie mtu afikirie ngazi, chini kabisa ni maisha mabaya kuliko yote, juu kabisa ni mazuri kuliko yote, kisha aseme yeye amesimama wapi. Nikaenda nalo Malakisi kwa mzee mmoja mkulima wa tumbaku, kifua kimeharibika kwa moshi wa kukausha majani. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Hiyo ngazi umebeba?" Nikamwambia ni ya mawazo tu, mzee. Akasema, "Basi mimi wacha nikae hapa chini. Nikipanda nianguke, hosipitali iko wapi hapa?" Daktari aliposoma jibu hilo alisema mzee hakuelewa swali. Mzee alikuwa amelielewa kuliko aliyelitunga.

Mimi kazi hii sikufundishwa na Daktari. Nilifundishwa na karani mmoja wa zamani, Barasa, mtu wa Malakisi huko huko, marehemu sasa. Barasa alikuwa na mdomo mchafu na macho makali. Aliniambia, "Madam, ukiingia boma ya watu, ficha karatasi. Sema mulembe, wasalimie. Uliza mvua. Kaa kwa kiti umepewa, hata kama iko na mguu moja mbovu." Halafu angalia, akaniambia. Majivu ya jikoni ni ya leo au ni ya juzi? Mwiko umelowa au umekauka? Na usimuulize mtu kama anashiba, atakudanganya kwa sababu ana heshima zake. Mwangalie mbwa wake. Mbwa hana heshima ya kulinda. Ninyi mnaangalia nini siku hizi? Mnaangalia kama betri ya tableti imejaa.

Sasa niwaambie ya Bumula, ndiyo yaliyonichekesha mbele ya yule kijana wa tableti.

Kulikuwa na zahanati huko ndani, mbali na lami, iliyokuwa ikigawa unga wa uji kwa watoto waliodhoofika. Unga huo haukuwa wa kudumu. Wakubwa walisema utabaki pale ambapo utafiti wetu utaonyesha watu hawali vizuri, na pale ambapo wanakula vizuri utahamishwa. Ni haki, hakuna mtu angebisha. Mmoja wa watoto hao aliitwa Naliaka, alikuwa akilelewa na nyanya yake, mama mmoja mjane aliyeitwa Nasimiyu, ambaye kijiji kizima kilimwita Kukhu, yaani nyanya. Naliaka alikuwa na miguu myembamba ya kutisha na nywele zimegeuka rangi ya kutu. Nesi wa zahanati aliniambia waziwazi, mtoto huyu akikosa uji huu, sioni akimaliza mvua hii.

Karani wangu wa eneo hilo aliitwa Wekesa, kijana wa hapo hapo, mchangamfu, mwenye bidii. Kila wiki, msimu mzima, alirudi katika nyumba zile zile akiuliza zimepika nini. Na kila wiki majibu yalikuja Kitale yamenyooka: kuku. Kwa Kukhu Nasimiyu, kuku. Kwa jirani yake, kuku. Ng'ambo ya mto, kuku. Daktari alifurahi mpaka akaita mkutano. "Bumula wanakula protini!" akasema, na kuchora mstari unaopanda ukutani. Unga uhamishwe, watu hawa wanajiweza.

Mimi nikamtazama Wekesa, aliyekuja kwenye mkutano huo kwa heshima zote. Shati lilikuwa linamkaba. Kijana aliyeanza kazi mwembamba kama sisi sote alikuwa na mashavu. Nikasema moyoni, ngoja kwanza, ni nani hasa amekula protini hapa?

Nikaenda mwenyewe. Nilipofika kwa Kukhu sikukaa hata dakika chache, nikasikia kuku akilia nyuma ya jikoni. Nikasema, "Mama, usichinje, nimekunywa chai njiani." Akanijibu, "Wewe ni mgeni, nyamaza." Baadaye nikaletewa sahani, na juu ya nyama zote imekaa imondo, firigisi ya kuku. Kwa Wabukusu imondo hailiwi ovyo. Ni ya mwanamume mwenye boma au ya mgeni mkubwa, na zamani wanawake hawakugusa kuku kabisa. Nasikia walijadiliana jikoni kama mimi, mwanamke, nipewe au la, mpaka shemeji yake Kukhu akaamua kwamba mtu wa ofisi ni mwanamume. Basi nikala imondo kama mwanamume. Nilipogeuka nikamwona Naliaka mlangoni, ameshika kipande cha ugali kilichochovywa kwenye mchuzi. Mchuzi tu. Mbwa wa boma alikuwa amelala, mbavu zote nje.

Njiani nikamshika Wekesa. "Kila wiki ukija hapa wanachinja?"

"Wanachinja, madam."

"Na siku zingine?"

Akajikuna kichwa. "Siku zingine ni mboga. Mrenda. Wakati mwingine sijui."

"Na wewe unaandika kuku?"

"Sasa madam, ningefanya aje? Swali inasema, wiki hii nyumba imepika kuku? Imepika. Mimi mwenyewe nimekula. Si nikiandika hawajapika ndio itakuwa uongo? Na nikikataa kukula, watasema nimedharau boma ya watu. Mimi ni mtu wa hapa bana, nitaoa wapi?"

Kila neno lilikuwa kweli. Tulikuwa tumetuma mtu akaulize kama watu wanakula, na kwa kufika kwake tu, akawamalizia kuku. Wazee wale walichinja mtetea aliyekuwa akitaga ili yule aliyekuja kupima njaa yao asiseme hawana adabu. Na sisi tukaandika wameshiba, tukapanga kumnyang'anya mtoto uji. Nilirudi Kitale nimekasirika, nikaenda moja kwa moja kwa Daktari.

Daktari alinisikiliza kwa upole wake ule. "Madam, hatuwezi kubadilisha majibu kwa sababu umemwonea mtoto mmoja huruma. Swali liliulizwa, likajibiwa."

"Daktari, tumepima tumbo la Wekesa!"

Ofisi nzima ikacheka, yeye hakucheka. Lakini nilimkera vya kutosha, akakubali kwenda kujionea kabla ya kutia sahihi. Nami nikajua mara moja taabu iko wapi. Daktari akifika, Kukhu atachinja. Kama hana kuku, ataazima kwa jirani. Daktari atakula imondo, atajifuta mdomo, na atarudi Kitale akisema, si mnaona?

Kwa hiyo nikatangulia kwa Kukhu, nikamwomba jambo baya kuliko yote niliyowahi kumwomba mtu katika kazi hii. Nilimwomba asimchinjie mgeni.

Alinitazama kama mtu aliyetukanwa. "Mkubwa atoke Nairobi akanyage boma yangu, mimi nimpee mrenda? Unataka nichekwe mpaka kaburini?"

"Kukhu, una kuku gani tena? Mpe kile mlichokula jana. Hicho hicho."

"Jana si mambo ya wageni."

"Akila kuku, Naliaka hatapata unga. Nakwambia ukweli mtupu. Ataona mnajiweza, basi."

Naliaka alikuwa pembeni ya jikoni akikwangua sufuria kwa kidole. Kukhu akamwangalia kwa muda mrefu, halafu akaniambia nitoke kwake. Nikatoka bila kujua atafanya nini, na usiku huo sikupata usingizi wa maana.

Daktari akaja. Viatu vyeupe, naapa, na mawingu meusi yamekaa juu ya Mlima Elgon. Kukhu alikuwa amevaa kitambaa chake cha kanisa na gauni la Jumapili. Alimnawisha Daktari mikono kwa maji ya vuguvugu. Aliomba, ombi refu la kumshukuru Mungu kwa mgeni. Majirani walikuwa wamejaa kwenye ua, wanasubiri kunusa kuku. Kisha akaleta sahani iliyofunikwa, akaibeba kwa mikono miwili, akapiga goti, akafunua.

Kipande cha ugali. Mrenda uliochemshwa kwa magadi. Basi.

Kule uani mtu akasema, "Woi!" Mwingine akaondoka kabisa. Kukhu hakumwangalia mtu. "Karibu, Daktari," akasema, "hii ndiyo tulikula jana. Juzi hatukuwasha moto." Sauti yake haikutetemeka, lakini machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta. Nimeona watu wakilia kwa njaa, sijaona mtu akilia vile. Nilitamani ardhi inimeze.

Daktari alijitahidi, nisimnyime haki yake. Lakini mrenda unataka ujuzi, unavutika, na yeye aliuvuta mpaka ukaangukia kiatu. Akala matonge machache, akashukuru, akasukuma sahani. Haikuwa imefika chini, Naliaka akaimaliza. Daktari akaniambia kwa sauti ya chini, "Bado hii ni siku moja tu, madam. Siku moja si ushahidi."

Hapo ndipo mvua iliponisaidia. Ilinyesha mpaka gari likazama kwenye tope hapo langoni, likakataa kata kata. Tukakaa. Mchana ukapita. Daktari akaanza kuangalia saa, kisha akaanza kuangalia jikoni. Majivu yalikuwa baridi. Akamtuma dereva madukani atafute hata mandazi, dereva akarudi mikono mitupu, amelowa chapachapa. Maduka yote yamefungwa, watu wako kwenye matanga.

"Biashara imechangamka, Daktari," nikamwambia.

Jioni Kukhu akaleta chai ya rangi isiyo na sukari, kwa vikombe vya wageni, na hakukuwa na kitu cha kusindikiza. Daktari alikuwa na kichwa kinamuuma na midomo imekauka. Naliaka amekaa karibu naye, ametulia kwa ule utulivu wa mtoto aliyekwisha kujua kwamba kulia hakuleti kitu. Daktari akamwangalia, akanigeukia. "Hawa watu hulala hivi?"

"Hulala hivi."

Vijana walikuja wakalisukuma gari likatoka. Tulipofika Kanduyi, njiani kurudi, alikula chipsi sahani mbili bila kunyanyua kichwa. Mtu mwenye digrii nyingi vile alihitaji kukosa chakula cha mchana mmoja ndipo aelewe alichokuwa akikipima miaka yote hiyo. Unga haukuhamishwa. Na kwenye hojaji likaongezwa swali: kuku huyo aliliwa na nani? Daktari alilitangaza swali hilo katika hoteli moja hapa Kitale, picha zikirushwa ukutani, na kuliita ugunduzi wa kimbinu. Watu wakampigia makofi. Mimi nilikuwa nyuma nikila sambusa, na nilikula nyingi.

Lakini kile kijiji hakikuhudhuria semina. Kijiji kilijua tu kwamba Nasimiyu alimpa mgeni mkubwa mrenda. Kanisani wanawake wakamwita Mama Mrenda. Shemeji yake alisema amelitia doa boma la marehemu ndugu yake. Nikipita, Kukhu alikuwa ananisalimia kutoka mbali na kusema ana kazi shambani. Hakunikaribisha tena, na iliniuma, sitaficha, kwa sababu mimi nilipata sifa ofisini na yeye alipata kicheko. Hakuna swali la kupima hilo. Nyinyi mnaosema siku hizi mnapima heshima ya mtu, mnaipima na nini? Wapi kwenye tableti mnabonyeza?

Nikastaafu hivyo hivyo. Miaka ikapita. Halafu mwaka jana nikapigiwa simu na Wekesa, ambaye sasa ana mke na kitambi chake mwenyewe. "Madam, Kukhu anasema ukuje Jumamosi. Ati usikose."

Nilifika nimevaa vizuri kama mtu anayeenda kushtakiwa. Kukhu amezeeka, amekuwa mdogo, lakini macho ni yale yale. Shemeji yake alikuwepo, mzee kweli kweli, na fimbo yake. Nikawekwa kwenye kiti kizuri. Nikasikia kuku akilia nyuma ya jikoni, na safari hii sikuthubutu kusema kitu. Aliyeleta maji ya kunawa alikuwa msichana mrefu, miguu imara, nywele nyeusi zimesukwa, sweta ya shule imekaza mabegani. "Mulembe, shosh," akaniambia, na kwake sikukasirika. Nilikuwa sina haja ya kuuliza jina.

Kukhu aligawa chakula mwenyewe. Sahani yangu ikaja: shingo na bawa. Nikaangalia sufuria, nikaona imondo bado iko. Kukhu akaitoa kwa vidole, akaiweka kwenye sahani ya Naliaka.

Shemeji akagonga fimbo chini. "Nasimiyu! Mgeni ni huyu hapa."

"Mgeni nimemwona."

"Na hiyo ni imondo. Huyo ni mtoto wa kike."

"Najua ni nani," Kukhu akasema. "Ni huyu niliaibika mbele ya watu kwa sababu yake. Wacha akule."

Mzee akarudi kwenye ugali wake. Naliaka aliitafuna imondo polepole, bila haraka hata kidogo, huku akinitazama. Mimi nilikuwa bado nimeshika ile shingo ya kuku, sijaionja.

Alipomaliza akalamba vidole, akaangalia sahani yangu.

"Shosh," akauliza, "hiyo shingo unakula ama nikusaidie?"

Kukhu akacheka. Alicheka mpaka kitambaa kikamwanguka, na tangu ile siku ya mrenda sikuwa nimemsikia akicheka. Nikampa mtoto shingo.